Nilimwachia Mtani Wangu

1

Mimi nimeolewa kwa akina Ngonyani, na wifi yangu Osmunda nampenda, kwa hiyo nitakayoyasema msiyachukue kuwa ni ugomvi wa mawifi. Ugomvi wetu tuliumaliza zamani, baada ya yeye kusema mbele za wageni kwamba ugali wangu una mabonge. Hili ni jingine. Hili ni la aibu, na aibu yenyewe imeenea nyumba nzima, hata mimi nina kipande changu.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili. Tulikuwa sebuleni kwa mama mkwe wangu, hapa Songea, Bombambili, ukuta mzima umewashwa kama runinga, na ukutani meza ya kijani ya Mashindano ya Poka ya Nyanda za Juu. Wachezaji maelfu walikuwa wameanza tangu alfajiri ya jana yake, kila mmoja kwao, Njombe, Mbeya, Sumbawanga, wakitolewa mmoja mmoja. Sasa walibaki wawili. Mmoja ni Osmunda, Mwalimu Osmunda kwa watu wa mjini, amekaa kwenye kochi la mama yake, miguu kaikunja, kikuku cha Mizani, ile mashine inayosimamia mashindano, kinawaka kijani mkononi. Wa pili ni Lusungu Mgongolwa, fundi pampu, Mhehe wa Kilolo aliyehamia kwetu, anacheza kutoka karakana yake mtaa wa pili. Atakayeshinda anakwenda Dodoma kuchezea taifa.

Sasa Mngoni na Mhehe ni watani, hilo halihitaji kufundishwa. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, halafu wakaona heri watukanane. Na mdomo wa Lusungu haujawahi kupata likizo.

"Mtani, mbona kimya?" sauti yake ilitoka ukutani. "Au unatafuta njia ya kurudi kwenu kwa Wazulu?"

"Kwetu ni hapa hapa," Osmunda akajibu. "Nyie ndio tuliowakuta mmejificha mapangoni."

Sebule ikacheka. Wanafunzi wake walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, watu wazima na ndevu zao, maana Osmunda anafundisha poka, ana leseni, na juu ya ubao wa darasa lake ameandika kwa herufi kubwa: MWENYE MKWARA HUSEMA SANA. Mkwara ndio ule wa kumtisha mwenzako ukiwa huna kitu mkononi. Hilo ndilo somo lake la kwanza, kila mwanafunzi hulikariri kabla hajashika karata.

Basi ikaja ile karata. Osmunda alishika wafalme wawili. Sisi tuliziona, Lusungu hakuziona. Mezani zilikuwa karata ndogo ndogo za ovyo, na ya mwisho kabisa ikadondoka ree ya shupaza, karata kubwa kuliko zote. Mtu mwenye ree moja tu mkononi angewapiga wafalme wote wawili.

"Zote," alisema Lusungu. Chipu zake zote, ndizo dau lenyewe, zikasogea katikati. "Mtani, nakuonea huruma, haki ya Mungu. Ninayo ree. Kimbia mapema, babu zako hawatakucheka, nao ndio kazi waliyoiweza."

Kila mtu sebuleni alitazama jasho likimtoka wifi kwenye mdomo wa juu. Mwenye mkwara husema sana, na huyu alikuwa anasema kama redio. Wanafunzi walishajua jibu, mmoja alikuwa ameshanyanyua mikono ashangilie. Osmunda akatupa karata zake, ndiyo kusema amejitoa.

Lusungu akageuza zake. Saba na mbili. Takataka tupu.

Alicheka mpaka ukuta ukatetemeka. Baada ya hapo Osmunda alibaki na chipu za kuombea tu, na haikuchukua muda akawa ametolewa.

Mama mkwe wangu, Bibi Gaudensia, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini. Bibi huyu ndiye aliyemfundisha Osmunda karata, akiwa bado hajaanza shule, na ndiye mwizi wa karata mkubwa kuliko wote niliowahi kuishi nao. Ukicheza naye anaficha moja kifuani, ukimkamata anasema ni skapulari, kile kitambaa kitakatifu cha shingoni. Akatikisa kichwa.

"Umepigwa, mwanangu."

Hapo ndipo pa kukumbuka, maana yote yalianzia hapo. Osmunda alitazama wale wanafunzi, akaona wanaangalia chini, akatoa kicheko cha puani.

"Nimepigwa wapi, mama? Nilimwachia. Si mtani wangu huyu? Acheni naye akaone taa za Dodoma."

Watu wakapumua. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga, tena kwa nguvu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemwonea aibu. Kikuku mkononi mwake kikatoka kijani kikawa njano.

2

Mnaokumbuka zamani mnajua wacheza poka walivyokuwa. Akishinda, ni akili yake. Akishindwa, ni bahati mbaya. Hukuwahi kukutana na mtu aliyeshinda kwa bahati, wala aliyeshindwa kwa ujinga. Halafu ikaja Mizani. Mashindano yakiisha, Mizani inayachukua na kuyacheza upya yenyewe, mara laki moja, kila mara imechanganya karata upya, lakini wewe inakuchezesha kwa tabia yako ileile. Mwisho inakuambia: katika matokeo yako haya, bahati ilikuwa kiasi hiki, akili kiasi hiki. Namba ya akili inabaki kwenye jina lako, kila mtu anaiona. Ya Osmunda ilikuwa sabini na mbili, na leseni ya kufundisha haitolewi chini ya sabini.

Basi uongo wote ukatuishia midomoni, ukabaki mmoja tu: nilimwachia. Na huo ndio ambao Mizani haiuchukulii kuwa uongo. Inauchukulia kuwa ushahidi.

Ilipiga Jumanne asubuhi. Nilikuwa namsuka wifi, kichwa chake magotini kwangu, kikuku kikasema kwa sauti ya kike, ya upole, Kiswahili cha taarifa ya habari.

"Mwalimu Osmunda Ngonyani. Siku ya Jumapili ulitupa wafalme wawili kinyume na tabia yako ya kucheza. Baada ya mchezo ulitamka kwamba ulimwachia mshindani. Tafadhali eleza."

"Ulikuwa utani," wifi akasema.

"Fafanua utani."

Wifi akanyanyua macho kunitazama. Mimi nami, mdomo wangu haujui kunyamaza, nikaingia kati kama nimeitwa. "Ni kwamba yule ni mtani wetu! Mtani anaweza kukutukana ukacheka. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaondoka."

"Bila idhini?"

"Idhini ya nini? Mtani haombi."

"Bila malipo?"

"Ukimdai utaonekana mchawi."

"Na wewe unaweza kuchukua chake?"

"Tena siku hiyohiyo!"

Nilidhani nimeieleza vizuri mno. Nilijiona wakili.

"Kwa hiyo," ikasema, "baina ya Wangoni na Wahehe kuna makubaliano ya kudumu ya kupeana mali bila malipo. Makubaliano hayo hayakutangazwa kabla ya mashindano."

Mungu wangu. Chanuo lilinidondoka.

"Una njia mbili," ikaendelea. "Ya kwanza, thibitisha kwamba ulimwachia. Utahesabiwa umetoa taarifa mwenyewe, hutaadhibiwa. Lusungu Mgongolwa ataandikwa mla njama na kufungiwa maisha. Ya pili, tamka kwamba lilikuwa kosa lako la mchezo. Shauri litafutwa. Kosa litaingia kwenye hesabu yako, na akili yako itakuwa sitini na sita. Usipotamka lolote hadi Ijumaa saa sita mchana, neno lako la kwanza, kwamba ulimwachia, litasimama."

"Muulizeni Lusungu mwenyewe!" nikasema.

"Tulimuuliza. Alisema alipiga mkwara. Mla njama naye angesema hivyohivyo."

Kikazima. Osmunda alibaki na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. "Sitini na sita," alisema. "Wifi, sitini na sita ni mtu wa kufundishwa."

"Lakini ulipigwa au ulimwachia?"

Akaniambia nimalizie nywele.

3

Lusungu alikuja kesho yake. Hakubisha hodi, mtani habishi hodi. Alipita moja kwa moja hadi mezani, akachukua chupa ya chai ya Osmunda, ile nyekundu aliyoletewa na kaka yake, mume wangu, kutoka Mbamba Bay, akaitikisa kusikia kama ina kitu, akaikumbatia kifuani.

"Hii nimeipenda. Inakwenda karakana."

"Mwizi wewe," akasema mama mkwe, macho yanamng'aa. Alimpenda Lusungu kuliko wanawe, nadhani kwa sababu wote wawili walikuwa wezi.

"Bibi, wewe nyamaza, tunakungojea ufe tule pilau." Bibi akacheka mpaka akakohoa. Na chupa ilikwenda, maana kitu kilichochukuliwa na mtani hakirudi. Kikirudi, hapo ndipo uogope.

Halafu akakaa. Akamtazama Osmunda, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule akitafuta neno.

"Mtani, ile karata nilikupiga. Unajua nilikupiga."

"Nani kasema hukunipiga?"

"Umesema wewe. Sasa sikia. Wakiniandika mla njama, Dodoma haipo tena, sawa, nitakula wapi sijui lakini nitakula. Ila ile alama haikai kwenye poka tu. Bodi ya maji wakiifungua namba yangu wakaiona, pampu zao sishiki tena. Hata kumdhamini mtu siwezi. Hata kushika daftari la msiba." Akacheka kidogo, hakikuwa kicheko chake. "Sema nilikupiga. Nitakucheka mpaka siku unaingia kaburini, hilo siwezi kukuahidi kwamba sitafanya. Lakini sema."

"Nitasema, mtani. Kwani una wasiwasi? Nitasema."

"Apa."

"Naapa nini tena, toka hapa na chupa yangu!"

Akatoka anacheka, sasa kicheko chenyewe. Mama mkwe akamshika Osmunda mkono. "Sema leo. Kupigwa si aibu, mwanangu. Mimi nimepigwa na watu ambao hawajui hata kuhesabu. Unasema nimepigwa, unachanganya karata, mnaendelea."

"Ijumaa bado, mama."

Alhamisi ilipita. Nilimwona mara mbili amekiinua kikuku mdomoni, akakishusha. Mimi ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema wifi, fungua mdomo wako, mtu anaangamia. Nikajiambia si mambo yangu, mimi mgeni wa kuolewa. Uongo. Miaka yote hiyo nimeingilia mambo ya nyumba ile mpaka chumvi ya mboga, nikaja kuwa mgeni siku hiyo.

Ijumaa wanafunzi walikuja darasani na keki. Nafasi ya pili Nyanda za Juu zote, wakasema, na angekuwa wa kwanza kama si moyo wake wa huruma. Mmoja akatoa hotuba juu ya moyo huo. Osmunda alisimama mbele ya ubao wake, MWENYE MKWARA HUSEMA SANA juu ya kichwa chake, kisu cha keki mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, namtazama yeye, naitazama saa ya ukutani. Alinitazama na yeye. Saa sita ilikuwa inagonga. Nikadhani sasa, sasa anasema.

Akakata keki.

Kikuku kikarudi kijani. Tena ikazidi, maana lile kosa halikuhesabiwa kuwa kosa: akili yake ikapanda hadi sabini na tatu. Wanafunzi walipoiona namba walishangilia. Mimi keki ile niliila, na niliila yote, na kila nikiikumbuka naona haya.

4

Kiti cha Dodoma walimpa mtu wa Njombe aliyekuwa wa tatu, maana fainali ilifutwa. Karakana ya Lusungu ilifungwa upande wa pampu, akabaki anatengeneza baiskeli za watu wasiotazama alama. Hakuja kwetu kututukana, nasi hatukwenda. Osmunda aliacha kupita mtaa ule, akawa anazunguka kwa nyuma sokoni, njia ndefu yenye tope, anasema anafanya mazoezi. Mama mkwe hakumsemesha tena habari ya karata. Kila jioni alizichanganya mwenyewe, akajigawia mwenyewe, akajiibia mwenyewe.

Halafu akafa, mvua za kwanza, usingizini, uso umetulia.

Watani walikuja. Wahehe wote wa Songea walikuja, ndiyo kazi yao, na mbele yao Lusungu. Nilipomwona nikasema asante Mungu, yameisha. Msiba una nguvu hiyo.

Na kazi aliifanya! Aliingia chumbani akatoka amevaa kitenge cha marehemu na kilemba chake, akaketi mkekani, akagawa karata, akaficha moja kifuani. "Ni skapulari!" akalia kwa sauti ileile ya bibi, na wanawake waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Akachukua mwavuli wa padre, akasema padre keshabarikiwa, mvua haimpati. Akanivua kiatu mimi. "Huyu kwao walitembea peku, viatu vya nini?" Makaburini akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema haingii mtu hapo mpaka alipwe jogoo, na asiwe jogoo wa Kingoni, hao wamekonda kama wenyewe. Jogoo akaletwa. Hakuna aliyepona. Shemeji zangu, mwenyekiti wa mtaa, wachimba kaburi, kila mtu alipata lake.

Osmunda alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi. Nilimwona anajiandaa. Alijifuta uso, akakaza kanga, na nakwambia alikuwa ameshika jibu mdomoni, tayari, la mapangoni au lolote lile. Alikuwa anangoja zamu yake kama mtoto anavyongoja kugawiwa nyama.

Lusungu akampita.

Akampita mara ya kwanza tukadhani hakumwona. Akampita mara ya pili, akamtukana mtu wa kulia kwake na mtu wa kushoto kwake. Watu wakaanza kutazamana. Nyimbo zikaimbwa, kaburi likafukiwa, mashada yakawekwa. Mwisho wa yote Lusungu akavua kile kilemba, akakikunja, akavua na kitenge. Akaja hadi mbele ya Osmunda, kofia mkononi. Wamezaliwa mwaka mmoja wale.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Poleni na msiba."

"Mtani," Osmunda akasema, "nitukane."

"Hapana, Mwalimu."

"Nitukane, Lusungu, watu wanatazama."

"Mizani ilisema utani wetu ni njama," akajibu, bila hasira hata kidogo, kama anamweleza mteja hali ya pampu yake. "Na mimi njama nimefungiwa maisha."

Hapo wifi yangu alifanya lile alilopaswa kulifanya mbele ya keki. Alipaza sauti, makaburi mazima yakasikia, padre akasikia, na wanafunzi wake waliokuja kuzika wakasikia. "Nilipigwa! Nilikuwa na wafalme wawili, nikaogopa, ukanipiga! Sikumwachia mtu! Nilipigwa!"

Kikuku kikawaka chini ya kanga. Sauti ile ya upole ikasema, "Shauri hili limefungwa. Poleni kwa msiba."

Lusungu alingoja imalize. "Nimesikia, Mwalimu," akasema. "Mungu awatie nguvu."

Akarudi pale Wahehe wenzake walipoweka mizigo yao, jogoo, mwavuli wa padre, kiatu changu. Akainama, akatoa kitu kwenye mfuko, akakileta kwa mikono miwili, akakiweka miguuni pa Osmunda kwenye udongo mbichi. Kisha wakaondoka wote wanaimba, na kiatu changu wakaondoka nacho.

Wifi hakuinama. Niliinama mimi, mguu mmoja peku, nikaiokota. Ilikuwa ile chupa nyekundu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikaifungua. Alikuwa ameijaza chai ya tangawizi, ya moto, kama unavyomrudishia chombo jirani usiyemzoea.